Jezi Iliyorudi na Jasho

Jezi haikamuliwi. Naanzia hapo kwa sababu juzi nilipita uwanjani nikawakuta nyie mabinti wawili mliochukua kazi yangu, mmeishika jezi ya kipa, mmoja huku, mwingine kule, mnaisokota na kucheka, na namba ya mgongoni inabanduka mbele ya macho yangu. Nilipita zangu. Mstaafu akianza kufokea watu kazini, wanasema ana kijicho. Lakini nilipofika nyumbani Nsemulwa nilichukua daftari, maana yako mambo ya kufua jezi ambayo hamkufundishwa, na moja kati ya hayo sijawahi kumwambia mtu.

Jina langu ni Veronika, ila Mpanda nzima inaniita Mama Jezi. Niliifulia timu yetu ya Viboko tangu inacheza ligi ya mkoa na wachezaji wanaazimana viatu, mpaka msimu ule tulipopanda ligi kuu. Tulikaa msimu mmoja tu, tukashuka. Hadi leo vijana wanagombana vijiweni: wapo wanaosema ni kipa, wapo wanaosema ni refa, na yupo fundi baiskeli mmoja pale sokoni anayeapa kwamba ni kocha. Wote wanakosea, na mkivumilia mtajua kwa nini.

Kwanza kazi. Vumbi letu jekundu halitaki haraka. Ukiitumbukiza jezi majini kabla ya kuikung'uta, hujaifua, umeipaka rangi. Kung'uta kwanza, ikiwa kavu, hadi mkono uchoke. Damu ni maji baridi na chumvi. Majani ni sabuni ya mche, unasugua pakiwa pakavu. Na maji ya moto msithubutu. Mimi niliyatumia mwaka wa kwanza tuliopata jezi za namba za kubandika, nikitaka viongozi waone najua kazi. Namba nane ilibanduka upande mmoja ikabaki tatu. Siku ya mechi uwanjani wakawepo namba tatu wawili, refa akamwonyesha kadi aliyekuwa amesimama zake mbali anafunga kamba za kiatu. Nilicheka baadaye, siku yenyewe nililia.

Aliyenifundisha ni Mzee Lugata, mtunza vifaa wetu, mtu mwembamba asiyeachana na kofia ya sufu hata jua la mwezi wa kumi. Yeye ndiye aliyekuwa anabeba begi la jezi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufunga zipu yake. Kila Jumapili asubuhi alinikabidhi begi uani kwangu, na kila nguo zikikauka alikuja kuzichukua kwa kuhesabu. Tulikuwa tunahesabu mara mbili, yeye mara moja, mimi mara moja.

"Mara ya tatu usihesabu," aliniambia. "Ukihesabu mara tatu unatafuta usichokipoteza."

Nilidhani ni maneno ya kizee tu.

Halafu kulikuwa na kamati ya ufundi. Nyie mnaijua, msijifanye. Yetu ilikuwa ya wazee watatu ambao ufundi wa mpira hawakuwa nao hata chembe. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha hatulogwi, na ikiwezekana tuloge sisi kwanza. Wageni nao walikuja na kamati zao. Niliwahi kuona timu nzima, na makocha wao wenye tai, wanaruka ukuta wa uwanja kwa sababu wameambiwa getini pamefukiwa kitu. Kwangu mimi kamati ilileta sheria mbili. Maji ya kufulia jezi yasimwagwe njiani, yamwagwe kwenye shimo nyuma ya nyumba na lifunikwe, maana jasho la mchezaji likichukuliwa na adui, miguu inakuwa mizito. Na jezi zisianikwe kwa kufuata namba, ili mpita njia asijue nani anacheza na nani ameachwa. Hiyo ya pili ilikuwa na akili. Kuna bwana mmoja alikuja kuulizia mahindi, nikamwambia sina, akaendelea kusimama dakika kumi anaangalia kamba yangu huku midomo inacheza.

Walitaka pia nisiguse jezi siku ya Ijumaa, eti mikono ya mwanamke inapunguza magoli. Mzee Lugata akawauliza, "Na ugali mliokula asubuhi kausonga nani?" Wakaliacha hilo.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa kufika.

Msimu ule wa ligi kuu tulimsajili beki wa kushoto anaitwa Masunga. Msukuma, wazazi wake walihamia Sibwesa na ng'ombe wao yeye akiwa hajazaliwa. Alipewa namba ishirini na mbili. Wachezaji, msije mkadanganyika, hawamwoni mfuaji. Wanatupa jezi chini, soksi zimejikunja kama ngozi ya nyoka, wanaondoka. Masunga alikuwa analeta yake mwenyewe mpaka uani kwangu, mikono miwili.

"Shikamoo mama. Nimeshaikung'uta."

Ndiyo maneno aliyokuwa anasema, kila mara hayo hayo. Katika miaka yangu yote ni yeye peke yake aliyewahi kuikung'uta.

Alicheza mechi moja tu ya kirafiki na jezi ile. Wiki ya kuanza ligi, jioni mazoezini, alianguka bila kuguswa na mtu. Walimkimbiza hospitali, hakuamka. Kesho yake asubuhi mapema kaka zake walikuja na pikapu kuchukua mwili na vitu vyake. Mimi ndiye niliyefungasha begi lake: mashati, suruali mbili, kandambili, shuka. Jezi yake ilikuwa kambani, nimetoka kuisuuza, inadondosha maji.

Nikafikiri, nguo mbichi wafiwa hawapewi. Nilivyolelewa mimi, kumpa mfiwa nguo inayodondosha maji ni kumwongezea machozi. Nikamwambia kaka yake mkubwa, "Hii moja nitaituma ikikauka." Akaitikia kwa kichwa, wakaondoka. Lile ndilo kosa langu. Ilikuwa kiangazi, jua kali, jezi ilikauka kabla pikapu haijamaliza lami. Lakini nilisema nitatuma kesho, kesho ikawa keshokutwa, na Mzee Lugata alipokuja kuchukua jezi za mechi alizikusanya zote akatia begini. Mimi nilikuwa ndani napika, hatukuhesabu vizuri siku ile.

Tulishinda moja bila. Mechi yetu ya kwanza ligi kuu, dhidi ya timu kubwa, na mji mzima ulicheza ngoma mpaka vumbi likafunika taa za magari. Jumapili asubuhi nikafungua begi. Jezi ishirini za kawaida, na ya ishirini na moja ilikuwa ile namba ishirini na mbili. Kifua kimelowa. Kiwiko kina majani. Nikaipeleka puani, kazi yetu ndiyo hiyo, pua inajua kabla ya macho. Ilikuwa na jasho la mtu, bichi.

"Nani aliivaa hii?" nikamuuliza Mzee Lugata.

Akaishika, akaiachia haraka. "Hakuna. Haikutoka begini."

"Ina jasho, mzee."

"Naiona."

Tukahesabu, yeye mara moja, mimi mara moja. Nikaifua. Mlitaka nifanyeje? Jezi ikiwa chafu inafuliwa. Nilichogundua ni kwamba haikuwa na vumbi hata kidogo. Zile nyingine zote zilinipaka wekundu mikononi. Ile ilikuwa imeshakung'utwa.

Mechi ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Tulikuwa tunashinda, au tunatoka sare kwa watu ambao zamani tuliwasikiliza redioni. Mzee Lugata akashindwa kuibeba siri ile peke yake, akaiambia kamati ya ufundi. Wale wazee walikuja uani kwangu wakaiangalia jezi kambani kwa mbali, hakuna aliyeigusa. Mkubwa wao akasema, "Kijana bado anataka kucheza. Tumzuie kwa nini? Isitoke begini. Na wewe mama, mdomo."

Nikafunga mdomo. Niseme ukweli wangu: nilifurahi. Watu walikuwa wanatoka Kibaoni kwenye malori ya mpunga kuja kuangalia mpira. Mama ntilie walipika mara mbili. Na mimi nilikuwa na wajukuu wanne wanaokula kwa mikono hii. Nilijiambia sijamwibia mtu, jezi ni ya klabu, na jina la Masunga nilikuwa nalitaja kanisani. Moyo wa mtu unajua kujipikia ugali wake.

Jamani, kuna siku moja nilisikia baridi katikati ya mchana. Mechi imeisha, niko pembeni nakusanya chupa na vizibao, akaja mshambuliaji wa wageni kuomba maji. Kijana wa mjini, mcheshi, kapaka rangi nywele.

"Maza, mwambie yule beki wenu apunguze. Mechi nzima ananipumulia kisogoni tu."

"Beki gani, mwanangu?"

"Yule mrefu wa kushoto. Ishirini na mbili. Halafu haongei! Ukimgeukia, anaangalia chini."

Akashusha soksi kunionyesha alama za njumu kwenye muundi, tatu, zinavuja damu. Nikamwambia nitamwambia. Akanywa maji, akashukuru, akaenda zake kwenye basi. Sikumwambia mtu, hata Mzee Lugata.

Toka siku hiyo nikaanza kuwahesabu wetu wakiwa uwanjani, na mimi mkono wangu katika kuhesabu haujawahi kunidanganya. Kuna mechi ya mvua, manyunyu tu, nilihesabu nikapata kumi na wawili. Nikahesabu tena, kumi na mmoja. Nilianza mara ya tatu, nikakumbuka maneno ya mzee, nikainamisha macho kwenye ndoo yangu mpaka filimbi.

Masika yalipokolea nguo zote zilikuwa hazikauki, sikushangaa kitu. Lakini kiangazi kiliporudi, zile nyingine zilikauka saa moja, ile ilibaki na unyevu siku tatu. Na ilikuwa inabadilika. Mabega yalikuwa yamekwisha, ukiinua mbele ya jua unaona mkono wako upande wa pili. Kwapani chumvi ilikuwa imeganda nyeupe, kama shati la mtu aliyelima kutwa bila kupumzika. Jasho lenyewe lilikuwa na harufu nyingine. Mfuaji anajua jasho la furaha na jasho la uchovu, hata kama madaktari watabisha. Na timu nayo ilianza kufungwa, moja moja, mwisho mwisho wa mechi. Tukateremka kwenye msimamo hadi ikafika mechi ya mwisho, nyumbani, tunahitaji sare tu tubaki ligi kuu.

Ijumaa, siku moja kabla, alikuja mwanamke uani kwangu saa nne asubuhi. Mrefu, khanga mbili, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alisimama nje ya uzio wa mabua akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

Nikaitikia, nikampa kigoda na maji. Hakukaa. Alikuwa anaangalia kamba yangu.

"Mimi ni mama yake Masunga," akasema. "Nimekuja kuchukua nguo."

Sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

"Nguo zake tumegawana zote," akaendelea. "Shati kachukua mdogo wake, shuka kachukua mjomba. Imebaki moja. Alinipigia simu siku alipopewa, akaniambia, mayu, wamenipa ishirini na mbili. Sasa matanga hatuwezi kuyamaliza, nguo moja iko nje. Kaka yake anasema wewe ulisema utatuma."

"Nilisema, mama."

"Mimi sijaja kukugombeza." Alishika nguzo ya kamba. "Ila anakuja, huyu mtoto. Nikilala mchana anakuja, nikilala jioni anakuja. Anahema. Anashika magoti hivi, anahema. Namwambia kaa, ng'wanone, kaa mwanangu upumzike. Anasema siwezi mayu, filimbi bado."

Nililia mbele yake, mtu mzima na nywele zangu nyeupe. Miezi yote ile mimi nilikuwa naifua na kuianika na kuitia begini tena, nikijiambia kijana anapenda mpira. Sikuwahi kumuuliza kama amechoka.

Lakini msinione mtakatifu. Nilisimama pale nikiwaza mechi ya kesho. Niliwaza vijana wetu, wengine hawajalipa hata kodi ya chumba, niliwaza Mzee Lugata na kofia yake, niliwaza wajukuu. Tukishuka, nani atahitaji mfuaji? Nikafungua mdomo kumwambia, mama, njoo Jumapili. Siku mbili tu. Neno lilifika kwenye meno. Ndipo upepo ukapita, zile jezi ishirini zikapepea, zote zilikuwa zimekauka, na ile moja ilining'inia tu, nzito, imeinamisha mabega.

Nikatoa vibanio. Nikaikunja.

"Bado mbichi," nikamwambia. "Ni aibu kukupa nguo mbichi."

"Nipe hivyo hivyo, mayu. Sibwesa nako kuna jua."

Akaiweka kifuani, ndani ya khanga, akaondoka bila kunywa maji. Mbele ya khanga palianza kulowa kabla hajafika barabarani.

Mchana Mzee Lugata akaja na begi. Akahesabu. Akaniangalia.

"Ngapi kwako?"

Nikahesabu. "Ishirini."

Alijua. Mtu aliyebeba begi lile msimu mzima angekosaje kujua, na siku ile lilikuwa jepesi. Aliangalia kile kipande cha kamba kilichokuwa wazi. Nilisubiri aniulize iko wapi, au ahesabu mara ya tatu. Akafunga zipu.

"Ishirini zinatosha," akasema, akalitia begani.

Mechi nyie mnaijua kuliko mimi. Sare ilikuwa yetu mpaka dakika za mwisho. Halafu mpira ukapita kushoto, pale pale, akakimbia nao winga wao peke yake hakuna mtu nyuma yake, hakuna wa kumpumulia kisogoni. Kipa hakuwa na kosa. Refa hakuwa na kosa. Kocha, mwambieni fundi baiskeli, naye hakuwa na kosa. Nilihesabu wetu walipokuwa wamelala kwenye nyasi wanalia. Kumi na mmoja, na mara ya pili kumi na mmoja. Mzee Lugata alikuwa amekalia begi lake, kavua kofia.

Jumapili asubuhi nilifua kama kawaida. Kushindwa nako kunafuliwa. Simu ikalia mikono ikiwa kwenye povu.

"Mayu," akasema mama yake Masunga. "Imekauka. Niliianika nikageuka kuchukua kigoda, nikakuta imekauka."

"Na mwenyewe?"

"Amekuja jana jioni. Amekaa. Nikamuuliza, mpira vipi? Akasema umeisha. Akalala."

"Alisema nani kashinda?"

"Hakusema. Sikumuuliza."

Kwa hiyo mkikaa kijiweni mkaulizwa nani aliishusha Viboko, semeni ni Mama Jezi wa Nsemulwa, na semeni angefanya hivyo tena. Nimeshazeeka, watanifanya nini. Klabu ilinitunza kwa miaka yake, ikashuka nami nikashuka nayo, nikafulia watu mashuka mpaka mgongo ukakataa. Sina deni nayo. Deni langu lilikuwa Sibwesa, na nililipa nimechelewa msimu mzima.

Basi nendeni mkafanye kazi. Kung'uteni kwanza. Geuzeni ndani nje. Hesabuni mara mbili. Na siku Mungu akimchukua mmoja wa wale vijana, msiangalie kama nguo yake ni mbichi. Iondoeni kambani vile vile inavyodondosha, mkimbilie nayo gari la msiba kabla halijaondoka.